Rangi za nguo zinavyowalemaza vijidudu wanaosafisha majitaka

MAJI yanayotoka katika kiwanda cha kutia nguo rangi huingia kwenye tangi la kusafishia yakiwa mekundu au ya buluu, na hutokea upande wa pili yakiwa yamepauka. Anayeyatazama hudhani kazi imekwisha. Sivyo.

Ndani ya tangi hilo lililofunikwa, lisiloingiza oksijeni, huishi makundi ya vijidudu yanayotegemeana. Ya kwanza huvunjavunja uchafu na kutoa asidi, hasa ile iliyomo katika siki. Ya mwisho huigeuza kuwa methani, gesi iwakayo kwenye majiko ya biogesi. Mtindo huu ulipata umaarufu kutokana na tangi lililobuniwa miaka ya 1970 na Gatze Lettinga na wenzake huko Wageningen, Uholanzi. Hauhitaji pampu za hewa, hivyo umeme wake ni mdogo.

Zaidi ya nusu ya rangi za viwandani ni za kundi la azo, ambazo molekuli zake hushikwa na kiungo cha atomi mbili za naitrojeni. Pasipo oksijeni, vijidudu hukikata kiungo hicho na rangi hupotea. Vipande vinavyobaki, yaani amini za aromatiki, havionekani kwa macho, na baadhi yake ni sumu kuliko rangi yenyewe. Benzidini, mojawapo, husababisha saratani ya kibofu; mwaka 2002 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku rangi zinazoweza kutoa amini za namna hiyo katika nguo zinazogusa ngozi. Ukaguzi unaoishia kwenye rangi ya maji, kwa hiyo, hausemi lolote la maana.

Wanaoumia zaidi tangini ni vijidudu wa methani, ambao huzaliana polepole. Wakilemaa, wenzao huendelea kutoa asidi isiyo na wa kuitumia. Tangi huchacha, pH ikashuka chini ya 6.5, gesi ikakoma, na kulifufua huweza kuchukua wiki kadhaa. Chumvi nyingi inayotumika kushikisha rangi kwenye pamba huongeza madhara. Baadhi ya rangi za buluu za kundi la antrakwinoni zimeonekana kuwa kali zaidi kwao kuliko nyingi za azo.

Huko Tirupur, kusini mwa India, uchafuzi wa mto Noyyal ulifikia hatua ya Mahakama Kuu ya Madras kuamuru, Januari 2011, mamia ya viwanda vya kutia rangi vifungwe.

Njia inayopendekezwa ni kuliongezea tangi hilo la pili lenye hewa, ambamo bakteria wengine huzila amini nyingi. Majitaka ya majumbani yakichanganywa humo, vijidudu hupata chakula na sumu huzimuliwa. Hata hivyo, baadhi ya amini zenye salfa hupita matangi yote mawili na kufika mtoni.