Kwa nini maumivu sugu ya ukano wa kisigino hayaishi kwa tembe

Vichochoro vya Mji wa Kale wa Lamu, uliotiwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, ni vyembamba mno kupitisha gari. Saruji na magunia ya mchele hupita kwa punda, kwa mkokoteni au mabegani mwa mahamali. Katika maisha ya namna hiyo, ukano unaounganisha shavu la mguu na kisigino ni nyenzo ya riziki, na unapouma kila alfajiri mwenyewe hana budi kujua kilichouharibu.

Wengi hudhani ukano umevimba tu, hivyo tembe, kuchuliwa na siku chache za mapumziko zitatosha. Kwa maumivu ya juzi na jana huenda ikawa hivyo. Yanapodumu kwa miezi, kipande cha ukano huo kikitazamwa kwa hadubini huonyesha hali nyingine: chembe nyeupe za damu, zinazojaa palipo na uvimbe wa kawaida, ni chache mno. Ndiyo maana mwaka 1976 daktari Giancarlo Puddu wa Italia na wenzake walitumia jina la tendinosi, yaani kuchakaa kwa ukano. Utafiti wa karibuni umeonyesha kwamba uvimbe haukosekani kabisa, ila si wenyewe unaoeleza uharibifu wote.

Ukano mzima umesukwa mfano wa kamba ya makumbi inayofunga jahazi: nyuzi za kolajeni hulala sambamba, zikafungwa vitita, na vitita vikakusanywa kuwa kitu kimoja. Katika maradhi haya kamba hufumuka ndani ilhali kwa nje ingali nzima. Kolajeni imara ya aina ya kwanza hupungua, na ile nyembamba ya aina ya tatu, ambayo mwili huitumia kuziba jeraha, huongezeka. Seli zilizokuwa ndefu na nyembamba huviringana. Kwingine huzidi, kwingine hufa. Baina ya nyuzi hujaa ute unaovuta maji, na hapo ndipo ukano hunenepa hata mtu akapapasa donge, aghalabu sentimita 2 hadi 6 juu ya kisigino. Mishipa mipya ya damu huchipuka ikiandamana na neva, ambazo wataalamu wengi huzihusisha na maumivu.

Ukarabati nao ni wa taratibu mno. Mwaka 2013 watafiti wa Denmark, wakifuata alama ya kaboni iliyoachwa hewani na majaribio ya mabomu ya nyuklia, waligundua kwamba kiini cha ukano huu hujengwa katika miaka 17 hivi ya mwanzo wa maisha, kisha hakibadilishwi takriban kabisa.

Hata hivyo, kulala kitandani si tiba. Ukano huimarika kwa kubebeshwa uzito kwa kipimo. Mwaka 1998 daktari Håkan Alfredson wa Sweden alichapisha matokeo ya wakimbiaji 15 waliofanya zoezi la kushusha kisigino polepole kwa wiki 12. Wote walirejea mbioni. Mtu husimama kwa nusu ya mbele ya wayo ukingoni mwa kidato cha ngazi, hujiinua kwa miguu yote miwili, kisha hujishusha kwa mguu unaouma: mara 15 kwa mikupuo mitatu, goti likiwa limenyooka na tena likiwa limekunjwa kidogo, asubuhi na jioni. Nyumba za mawe za Lamu hazikosi ngazi. Kinachokosekana ni subira, kwani mwanzoni zoezi lenyewe huuma.

Dawa nazo zataka hadhari. Siprofloksasini, kiuavijasumu mashuhuri, na jamaa zake zinaweza kudhoofisha kano hadi kukatika. Marekani iliamuru onyo hilo mwaka 2008, hasa kwa waliozidi miaka 60 na wanaotumia dawa za jamii ya kotisoni.

Anayesikia mlio nyuma ya mguu kana kwamba amepigwa teke, kisha akashindwa kusimama kwa ncha za vidole, yamkini ukano umekatika. Huyo asisubiri zoezi wala mchuaji. Hata akiwa Faza au Kiwayuu, atafutiwe boti ya kumfikisha hospitalini siku hiyo hiyo.