Kutoka Dang'a Hadi Dagaa: Mlo wa Mtoto wa Paka (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulimwacha paka wetu ndani ya kabati la nguo, juu ya kanga kuukuu, amekwisha kuzaa watoto wanne. Tangu hapo nimesimamishwa njiani mara kadhaa, mojawapo hapo Darajani na bibi mmoja aliyeshika fungu la vibua, nikiulizwa swali lile lile: "Sasa nimpe nini, daktari?" Jawabu la majuma matatu ya mwanzo ni fupi kuliko watu wanavyotaka. Mtoto usimpe kitu. Mpe mama yake.

Mtoto wa paka huzaliwa na gramu 100 hivi. Ukiwapakia kumi kwenye mizani ndipo wapate kilo. Huzaliwa haoni, hasikii, na mwili wake haujui hata kutetemeka ili ujipatie joto. Alichonacho ni pua. Kwa pua hiyo huifuata chuchu, na baada ya siku mbili tatu wengi huwa wamekwisha gawana: huyu ya nyuma, yule ya kati, na anayekosea njia husukumwa. Paka kwa kawaida ana chuchu nane, kwa hiyo wanne wana nafasi tele, ingawa ukiwatazama wanavyogombana utadhani ipo moja tu.

Maziwa ya siku ya kwanza ndiyo dang'a. Mtoto wa binadamu huja duniani na kinga aliyopewa na mamaye kupitia kondo la nyuma. Paka hakujaliwa hivyo. Kinachopita kwenye kondo lake ni kidogo sana. Sehemu kubwa ya kinga imo ndani ya dang'a, na utumbo wa mtoto huipokea kwa muda wa saa 16 hivi tangu kuzaliwa, kisha mlango unafungwa. Akichelewa atashiba, lakini kinga haiingii tena damuni. Basi yule mdogo kuliko wenzake, anayesukumwa pembeni kila mara, umshike kwa mkono wako umpachike kwenye chuchu siku ile ile. Usiseme atajua mwenyewe.

Na mama naye ale. Paka anayenyonyesha wanne huhitaji chakula mara mbili hata mara tatu ya kawaida yake, na maji safi ayakute hatua mbili kutoka alipolala, maana hapendi kuwaacha. Nimeona nyumba watu wanahangaika na chupa na vijiko ilhali mama mwenyewe mbavu zinahesabika. Fungu moja la samaki ukimpa yeye, limekwenda kwa wote watano.

Kitu kimoja ninachowasihi watu wanunue ni mizani ndogo ya jikoni, ile ya kupimia unga wa keki. Kila asubuhi, kabla hujanywa chai, waweke mmoja mmoja ndani ya bakuli na uandike. Daftari langu la mwaka jana lina safu ya mmoja niliyemwita Mweusi: 104, 113, 125, 137, 137, 149. Mtoto mzima huongeza gramu 10 hadi 15 kwa siku, na akifika wiki mbili uzito wa kuzaliwa umekwisha kuwa maradufu. Ile 137 iliyojirudia ndiyo iliyonifanya nimgeuze nimkague, nikakuta kitovu kimevimba. Kwa macho nisingeona kitu, manyoya yanaficha mengi. Mtoto anayepungua uzito siku mbili mfululizo ni mgonjwa hata kama analia kwa nguvu, na asiyelia kabisa ni mgonjwa zaidi.

Hayo ni ya mwenye mama. Masika iliyopita mtoto wa jirani alinibishia hodi, amekumbatia boksi la sabuni.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Umebeba nini humo?"

"Watoto wa paka, babu. Mama yao kagongwa na gari. Nawapa maziwa hawataki."

Nilimtia mmoja kidole mdomoni. Baridi, kama nimegusa maji ya mtungi. Maziwa aliyoleta yule kijana yangewaua kabla ya njaa, kwa sababu tumbo lililopoa haliyeyushi chakula: maziwa hulala humo yakachacha, au hurudi yakaingia mapafuni. Katika juma la kwanza joto la mwili wa mtoto wa paka ni nyuzi 35 hadi 36, chini ya letu. Likishuka zaidi, kwanza ni moto, maziwa baadaye. Tulijaza chupa maji ya uvuguvugu, tukaifunga kwa taulo, tukailaza upande mmoja wa boksi ili anayeona joto limezidi ajikokote upande wa pili. Pole pole, saa nzima na zaidi. Walipoanza kutafuta huku na huku kwa pua ndipo tukazungumza habari ya maziwa.

Maziwa gani? Bora kuliko yote ni ya paka mwingine anayenyonyesha. Mama wa kunyonya hupatikana kwa urahisi kuliko tunavyodhani: mfute mtoto mgeni kwa kile kitambaa anacholalia huyo paka, achukue harufu ya nyumba, kisha mchanganye na wenzake. Wengi hupokea. Asipopatikana, maduka ya dawa za mifugo ya mijini huuza maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa watoto wa paka. Ya ng'ombe matupu hayatoshi, na sababu yake ni hesabu tu: protini katika maziwa ya ng'ombe ni kama gramu 3.3 kwa kila 100, ya paka ni mara mbili yake na kupita, wakati sukari ya maziwa katika ya ng'ombe imezidi ile ya paka. Mtoto anapata kidogo cha kumjenga na kingi cha kumharisha. Ukiwa shamba na usiku umeingia, chukua glasi ya maziwa yasiyotolewa mafuta, viini viwili vya mayai bila ute, na kijiko cha chai cha mafuta ya kula, uvuruge vizuri. Hiyo ni ya kuvukia siku moja au mbili, si ya kulelea.

Sukari usitie, na hapa niruhusuni nicheke kidogo. Mwaka 2005 wanasayansi walionyesha kwamba paka hawezi kuonja utamu: moja ya jeni zinazojenga kionjo cha sukari ulimini mwake imekufa tangu enzi na enzi. Kijiko unachomtilia kwa mapenzi hakijui. Akiramba maziwa kwa shauku, anafuata mafuta.

Tumbo la mtoto wa gramu 100 linachukua mililita nne hivi, si zaidi. Tumia bomba la sindano, bila sindano, na maziwa yawe na joto la mkono wako. Juma la kwanza ni kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. La pili saa tatu. La tatu saa nne. Mlaze kwa tumbo, kichwa kimeinuka kidogo, vile vile angelala kwa mamaye. Nilipokuwa na miaka kumi nilimpakata wangu chali mapajani, kama nilivyomwona mama akimlisha mdogo wangu. Maziwa yalitoka puani yakitoa povu. Nilifuta, nikaendelea. Alikufa kesho yake jioni, nikamzika chini ya mpera, na ilinichukua miaka mingi, mpaka darasa la udaktari wa mifugo, kulijua jina la kitu nilichofanya: nilimtilia maziwa mapafuni.

Baada ya kumlisha, chukua pamba iliyoloweshwa maji ya uvuguvugu umsugue taratibu chini ya mkia mpaka akojoe. Mamaye hufanya hivyo kwa ulimi. Mpaka anapokaribia wiki tatu mtoto hawezi kujisaidia bila kusuguliwa, na wapo wanaokufa wameshiba kwa sababu mlezi aliona kinyaa.

Wiki ya tatu meno yanachungulia. Yatafika 26, na yale ya pembeni yana ncha kama sindano, jambo ambalo mama analihisi kabla yetu. Utamwona analalia tumbo, anainuka watoto wakiwa bado wananing'inia, anapanda juu ya meza asikofikiwa. Ameanza kulikiza. Msaidie. Katika wiki ya nne weka sahani bapa, si bakuli, yenye samaki aliyechemshwa akatolewa miiba mikubwa, akapondwa na supu yake mpaka awe kama uji mzito. Siku ya kwanza watamkanyaga, watampaka masikioni, mmoja atapiga chafya ndani ya sahani. Siku ya tatu wanakula. Kufikia wiki ya nane kunyonya kumekwisha, na kila mmoja ana gramu 800 hivi au zaidi.

Sasa tumefika penye makosa makubwa, na nitakaa hapa.

Kwetu paka ni wa nyumbani hasa. Kila aliyepita chuoni anajua habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie. Kwa hiyo tunalisha. Ila tunalisha tunachokula: wali uliobaki, ugali uliochovywa mchuzi. Mchuzi una kitunguu, na kitunguu, kibichi au kilichopikwa, huvunja chembe nyekundu za damu ya paka. Kitunguu saumu ni kibaya zaidi. Ugali hautamuua leo wala kesho, lakini paka anahitaji kitu kiitwacho taurini ambacho mwili wake hautengenezi cha kutosha na hakimo katika nafaka yoyote. Kimo katika samaki na nyama, hasa moyo wa mnyama. Kikikosekana muda mrefu, macho hufifia na moyo hutanuka ukalegea. Hata viwanda vya chakula cha paka vya Marekani vilikuwa havijui kiasi kinachotakiwa hadi mwaka 1987, Paul Pion na wenzake katika Chuo Kikuu cha California, Davis, walipoonyesha kwamba paka wengi wenye ugonjwa huo wa moyo walipungukiwa taurini, na wakipewa hupata nafuu. Taurini huyeyukia kwenye maji ya kuchemshia. Ndiyo sababu nimesema umponde na supu yake.

Yupo na anayekosea kwa utajiri. Niliwahi kuletewa mtoto wa paka wa miezi mitatu aliyevunjika mguu kwa kuruka kutoka kwenye kiti. Mwenyewe, bwana mmoja mwenye uwezo wake, alikasirika nilipouliza anakula nini. "Nyama ya bucha, daktari. Steki! Kuliko ninayokula mimi." Hiyo hiyo ndiyo iliyomvunja. Nyama tupu ina fosforasi nyingi na kalisi karibu hakuna, na mtoto anayekua asipopata kalisi mwili huichota mifupani. Paka wa ufukweni pale Malindi, anayelelewa kwa vichwa na vidagaa, hana taabu hiyo. Paka hakuumbwa kula nyama. Ameumbwa kula mnyama: ngozi, moyo, mifupa, na kilichomo tumboni.

Ndipo ninapomsifu dagaa, samaki mzima mzima wa kutosha mdomo mmoja. Ila ana masharti mawili. Mbichi asiliwe kila siku, kwa kuwa baadhi ya samaki wadogo wa jamii hii wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na paka aliyeishiwa nayo huyumba, kichwa kikiinamia kifuani. Moto hukimaliza kimeng'enya hicho. Mkavu wa kwetu Unguja huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, kwa hiyo mloweke, maji ya kwanza umwage, kisha umchemshe upya. Mchanganye na utumbo wa kuku ulioiva, moyo, firigisi. Maini mara moja kwa juma na kidogo tu, maana vitamini A ikizidi hugandisha mifupa ya shingo. Mwenye uwezo wa kununua chakula cha dukani kilichoandikwa kuwa ni cha watoto wa paka amejipunguzia hesabu zote hizi.

Kwa kila kilo ya mwili wake, mtoto huyu anahitaji chakula mara mbili hadi tatu ya paka mkubwa, na tumbo bado dogo. Kwa hiyo mpe mara nne kwa siku mpaka miezi minne, mara tatu mpaka sita, kisha mara mbili. Sahani ya maziwa ondoa. Baada ya kulikizwa uwezo wa kuyeyusha sukari ya maziwa unapungua, na wengi huharisha. Aachiwe maji.

Na tumbo likiwa duara kama ngoma huku uti wa mgongo unahesabika, hiyo si shibe. Ni minyoo, ambayo hupita kwa mama pamoja na maziwa. Dawa huanza karibu na wiki ya tatu na kurudiwa kila baada ya wiki mbili mpaka alikizwe, mama naye akipewa. Kipimo hufuata gramu, kwa hiyo ile mizani usiirudishe kabatini.

Wale wa boksi la sabuni, watatu waliishi. Mdogo wao, aliyefika kwangu na gramu 92, sasa yuko kwa yule kijana. Juzi Ijumaa nilipopita hapo nilimkuta kizingitini na mjusi, miezi minne hivi umri wake, hajafundishwa na mama. Alianzia kichwani. Tulisimama kumtazama, mimi na yule mtoto, mpaka akamaliza mkia.

(Itaendelea juma lijalo)