Jinsi uyoga wangu ulivyokonda kwa kukosa hewa

MAVUNO yangu ya kwanza ya uyoga hayakufika mezani kwa mtu. Yaliishia kwa kuku, nami nikabaki na deni la chama.

Kwetu ni Busia upande wa Kenya, mji wa mpakani ambao uliipa Afrika Mashariki neno bodaboda. Lakini nimeolewa Kirewa, kaunti ndogo iliyo katika wilaya ya Tororo, Uganda. Huku mvua ikinyesha, watoto hukimbilia vichuguu kuokota uyoga. Mboga hiyo ikipikwa kwa njugu zilizosagwa na kuliwa kwa ugali wa wimbi, mgeni husahau kuaga. Tatizo ni kwamba hudumu siku chache tu, kisha mtu hungoja mvua nyingine.

Ndipo nikawaza kukuza uyoga wa oyster, ambao humea ndani ya nyumba mwaka mzima. Shemeji yangu alikuwa amehamia Kampala na kuacha nyumba yake tupu: kuta za udongo, paa la nyasi, upana wa mita tatu na urefu wa mita nne. Ilikuwa na mlango mmoja na kidirisha kimoja kilichotazama magharibi. Nilikopa pesa za chama, nikanunua mbegu na mifuko ya nailoni, nikachemsha majani makavu ya mpunga na kujaza mifuko 50.

Aliyeniuzia mbegu aliniambia jambo moja: uyoga hupenda giza. Nami nikatii kupita kiasi. Nilipigilia mbao dirishani, nikaziba kwa matambara kila ufa chini ya paa, na usiku niliingia na koroboi ili nione pa kunyunyizia maji.

Baada ya majuma matatu mifuko yote ilikuwa imejaa nyuzi nyeupe. Nilitoboa matundu kwenye nailoni nikiwa na furaha tele. Lakini kilichochomoza kilikuwa vijiti virefu, vyembamba, vyenye vikofia vidogo kama vifungo vya shati. Mama mmoja muuza mboga alivigeuza mkononi, akanirudishia.

"Dada, mimi huuza uyoga, si njiti za kiberiti," akasema.

Isitoshe, kila nilipotoka katika nyumba hiyo kichwa kiliniuma na kifua kikawasha.

Nilimwendea jirani yetu, mama mzee ambaye amekuza uyoga kwa miaka mingi. Alifika mlangoni, akanusa, akakataa kuingia.

"Mke wa mwanetu," akaniambia, "chukua gazeti, uingie, ufunge mlango, kisha unisomee habari moja."

"Mama, humu siwezi kuona hata herufi moja," nikajibu kutoka ndani.

"Na kupumua, je?"

Sikuwa na jibu. Nilifungua mlango nikatoka nje nikihema.

Mama huyo alinieleza kosa langu, nami nimelithibitisha kwa macho yangu tangu siku hiyo. Giza ni la hatua ya kwanza pekee. Wakati nyuzi zinasambaa ndani ya mfuko, chumba kinaweza kuwa na giza na hewa isiyobadilika sana, mradi kiwe na joto la nyuzi 25 hivi. Nyuzi zikishajaa mfuko, mambo hubadilika.

Uyoga si kama mahindi. Hautengenezi chakula chake kwa mwanga wa jua. Hupumua kama sisi: huvuta oksijeni na kutoa kaboni dioksidi. Hewa hiyo ikijaa chumbani, uyoga hurefusha mguu kutafuta hewa safi na kofia haikui. Mwanga nao una kazi yake, kwani ndio unaouambia uyoga kwamba wakati wa kuchomoza umefika na upande wa kuelekea ni upi. Mwanga wa kutosha kusoma gazeti, kwa muda wa saa 8 hadi 12 kwa siku, unatosha.

Basi nilianza na kuta. Nilitoboa matundu manne ukubwa wa tofali, karibu na sakafu, mawili upande wa kaskazini na mawili upande wa kusini. Juu yake, chini tu ya paa, nikatoboa mengine manne. Hewa yenye joto hupanda na kutoka juu, nayo hewa baridi huingia chini kuchukua nafasi yake. Kazi hiyo haihitaji mashine wala stima.

Nilichagua kaskazini na kusini kwa sababu. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, hivyo jua la asubuhi hupiga ukuta wa mashariki na la alasiri ukuta wa magharibi. Tundu la magharibi huingiza miali inayokausha mifuko. Kile kidirisha cha zamani nilikiondoa mbao, nikakitundikia gunia jeupe ili mwanga uingie bila miali.

Kila tundu nilifunika kwa neti ya mbu. Harufu ya uyoga huvuta vijinzi vinavyotaga mayai ndani ya mifuko, na funza wake wanaweza kumaliza mavuno yote.

Hata hivyo, hewa ikiongezeka unyevu hupungua, na uyoga unataka unyevu wa asilimia 80 hadi 90. Kwa hivyo mimi hunyunyizia sakafu na kuta maji asubuhi, mchana na jioni, na siku za kiangazi hutundika magunia yaliyolowa karibu na matundu ya chini.

Uyoga wenyewe hukuambia umekosea wapi. Mguu mrefu na kofia ndogo: ongeza hewa. Kofia iliyopauka na mguu ulioinamia upande mmoja: ongeza mwanga. Kingo zilizokauka na kupasuka: hewa inapita kwa nguvu mno, au maji ni machache.

Je, wewe unayeishi katika chumba cha kupanga mjini, kisicho na dirisha la maana? Usinunue taa ghali. Taa moja ndogo nyeupe ya LED, hata ya sola, inatosha chumba kama changu. Epuka balbu za zamani za waya, kwa maana sehemu kubwa ya umeme wake hugeuka joto badala ya mwanga.

Pesa zako peleka kwenye feni. Wakulima wengi hulenga hewa ya chumba ibadilike mara 4 hadi 8 kwa saa. Chumba cha mita 3 kwa 4 chenye kimo cha mita 2.5 kina mita 30 za ujazo, hivyo tafuta feni ya kutolea hewa nje inayosukuma mita 120 hadi 240 za ujazo kwa saa, na uache tundu la kuingizia hewa upande wa pili. Usielekeze feni yoyote kwenye mifuko.

Koroboi nilitupa. Moshi wake huharibu uyoga na mapafu. Na kamwe usiingize jiko la makaa kuongeza joto. Kaboni monoksidi haina harufu na huua mtu angali amelala. Usilale katika chumba cha uyoga pia. Uyoga uliokomaa hutoa vumbi laini la mbegu linaloleta kikohozi, hivyo vuna kabla kingo za kofia hazijajikunja juu, na ufunge kitambaa puani.

Mifuko ile ile 50 ilichomoza mara ya pili. Safari hii kofia zilitanuka kama kiganja, na yule mama muuza mboga akazichukua zote bila maneno. Deni la chama nililimaliza baada ya mavuno ya tatu.

Siku hizi gazeti likinifikia kutoka Busia, hulisoma kwanza ndani ya nyumba ya uyoga. Herufi zikinipotea, najua pa kuanzia kazi.