Kabla ya Kuchimba Bwawa la Samaki, Piga Hesabu

Watu wengi wa Kyela wanapenda kuwa na bwawa la samaki nyumbani. Hilo ni jambo zuri. Samaki ni chakula cha kujenga mwili. Mtoto anayekula ndizi tupu au wali mtupu kila siku hushiba, lakini hakui vizuri. Akiongezewa samaki, maharage na mboga za majani, hupata nguvu na kinga ya magonjwa.

Ni kweli kwamba Ziwa Nyasa lina usipa, mbasa na samaki wengine. Lakini vijiji kama Ngana haviko ufukoni. Samaki wakifika huko bei huwa imepanda. Siku za upepo mkali wavuvi hawaingii ziwani, na samaki huadimika.

Bwawa la nyumbani linaweza kusaidia. Lakini bwawa lina gharama. Wako watu wanaochimba kwa bidii, kisha wakakosa fedha za vifaranga au chakula. Bwawa hubaki na maji bila samaki. Majani huota. Mbu huzaliana. Mahali palipotakiwa kuleta afya huleta homa.

Jambo hili limechunguzwa. Katika eneo la Kisii, magharibi ya Kenya, wataalamu waliweka perege katika mabwawa yaliyokuwa yameachwa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2007. Mbu wachanga wa malaria walipungua kwa zaidi ya 94 katika kila 100, kwa sababu samaki waliwala. Mwaka 2008 ilitangazwa pia kwamba mabwawa yaliyoachwa bila kutunzwa yalikuwa na mbu wengi wa malaria kuliko yale yenye samaki. Basi bwawa linalotunzwa ni rafiki. Bwawa lililotelekezwa ni adui. Kinachotenganisha mawili hayo ni hesabu.

HESABU YA KAZI

Tuchukue mfano wa bwawa dogo. Urefu wake ni mita 10 na upana wake ni mita 10. Eneo lake ni mita 10 mara 10, yaani mita za mraba 100.

Si lazima kuchimba shimo refu sana. Chimba nusu mita. Udongo unaotoka utumie kuinua kuta pande zote. Ushindilie vizuri kila unapoongeza tabaka jipya. Hivyo utapata kina cha maji cha karibu sentimita 80, na hutabeba udongo mwingi kwenda kuutupa.

Udongo wa kuchimba ni mita za ujazo 50. Mtu mmoja mwenye nguvu akichimba na kubeba mita za ujazo 2 kwa siku, atamaliza kwa siku 25. Watu 5 watamaliza kwa siku 5. Ndiyo maana majirani wakisaidiana kwa zamu, leo kwangu na wiki ijayo kwako, gharama ya vibarua huondoka.

Chagua mahali kwa uangalifu. Chukua udongo wenye unyevu, ufinyange uwe donge, kisha ulirushe juu na kulidaka. Donge likisambaratika, udongo una mchanga mwingi na maji yatapotea. Donge likibaki zima, udongo unafaa. Usichimbe mahali ambapo mafuriko hupita. Kyela hupata mvua kubwa sana, hasa mwezi wa Machi na Aprili. Mto ukifurika, kuta hubomoka na samaki wote huenda.

HESABU YA FEDHA

Bei hubadilika. Bei zilizo hapa chini ni za mfano tu. Ulizia bei za kijijini kwenu, kisha uandike zako katika daftari.

Katika bwawa hili weka vifaranga 2 kwa kila mita ya mraba. Mita 100 mara 2 ni vifaranga 200.

Vifaranga 200, kila kimoja shilingi 200: shilingi 40,000
Usafiri wa vifaranga: shilingi 10,000
Pumba kilo 90, kila kilo shilingi 300: shilingi 27,000
Misumari na waya wa uzio: shilingi 13,000
Wavu wa kuziba bomba la maji: shilingi 5,000
Akiba ya matengenezo: shilingi 15,000
Jumla: shilingi 110,000

Vitu vingine havikuandikwa kwa sababu vinapatikana nyumbani. Mianzi hufaa kwa uzio, na mianzi mikubwa iliyotobolewa vifundo hufaa kwa bomba. Samadi ya ng'ombe na kuku hurutubisha maji. Majani laini ya magimbi na mabaki ya chakula huliwa na perege. Pumba za mpunga zipo karibu, kwa kuwa Kyela hulima mpunga. Ukikoboa mpunga wako, usiache pumba mashineni.

Pumba kilo 90 zinatosha miezi 6, ukitoa wastani wa nusu kilo kwa siku. Anza na kidogo, uongeze samaki wanavyokua. Wakibakiza chakula, punguza. Chakula kinachooza huharibu maji.

Samadi nayo ina kipimo. Funga kifuniko cheupe kwenye ncha ya fimbo, ukizamishe majini polepole. Kikipotea machoni kwenye kina cha sentimita 30 hivi, na maji ni ya kijani, samadi inatosha. Kinyesi cha binadamu kisitumiwe kamwe.

UTAPATA NINI?

Tuseme kati ya vifaranga 200 wamekua samaki 150. Kila samaki ana gramu 150. Jumla ni gramu 22,500, yaani kilo 22 na nusu.

Sasa tugawe. Samaki 70 wale nyumbani. Samaki 80 wauzwe. Hao 80 ni kilo 12. Kilo moja ikiuzwa shilingi 8,000, utapata shilingi 96,000.

Umetumia shilingi 110,000 na umepata shilingi 96,000. Zimepungua shilingi 14,000. Usikate tamaa. Msimu wa kwanza una gharama za kuanzia. Perege huzaana bwawani, hivyo msimu wa pili utachagua vifaranga wako mwenyewe. Uzio na wavu vipo tayari. Utalipia pumba shilingi 27,000 na akiba shilingi 15,000, jumla shilingi 42,000. Ukiuza tena shilingi 96,000, zitabaki shilingi 54,000.

Mtu akikuambia kwamba bwawa dogo litakutajirisha kwa msimu mmoja, usimwamini. Mwambie alete daftari lake.

FUNGU LA WATOTO

Wengine huuza samaki wote. Watoto hubaki kunusa harufu ya samaki wa jirani. Hiyo si faida. Samaki 70 wakivuliwa 5 kila wiki, watalisha nyumba kwa wiki 14. Baba na mama wakubaliane tangu mwanzo kwamba fungu hilo haliuzwi.

Mtoto aliyetimiza miezi 6 anaweza kuanza kupewa samaki pamoja na maziwa ya mama. Toa miiba yote. Ponda nyama ya samaki, uichanganye na ndizi zilizopondwa au uji. Mama mjamzito naye asisahauliwe.

MAMBO MANNE YA AFYA

Kwanza, uzio. Usiuondoe katika hesabu hata kama fedha ni chache. Mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji mafupi, tena bila kupiga kelele. Uzio ufike kifuani mwa mtu mzima na uwe na mlango unaofungwa.

Pili, majani. Fyeka kingo za bwawa kila wiki. Mbu wachanga hujificha kwenye majani ambako samaki hawafiki. Konokono wanaoeneza kichocho pia hupenda hapo.

Tatu, choo. Mayai ya kichocho hutoka katika mkojo na kinyesi cha mgonjwa. Vijidudu hukua ndani ya konokono, kisha huingia mwilini kupitia ngozi ya mtu aliye majini. Basi mtu asijisaidie bwawani wala karibu nalo. Watoto wasiogelee humo. Maji ya bwawa yasinywewe. Anayeingia kuvua avae mabuti. Ukiona damu katika mkojo, nenda zahanati. Dawa ipo.

Nne, chandarua. Usitoe chandarua kitandani ukavulie samaki. Punguza maji, kisha vua kwa tenga.

Kabla ya kununua vifaranga, mwone ofisa uvuvi au ofisa ugani. Usichukue samaki wageni kutoka mbali bila ushauri wake. Kuta zikibomoka, samaki hao wataingia mto Songwe au mito mingine, hatimaye Ziwa Nyasa, na wanaweza kuwadhuru samaki wa asili.

Ukiona fedha hazitoshi leo, usichimbe leo. Weka akiba kidogo kidogo, au ungana na majirani mchimbe bwawa moja. Shimo lisilochimbwa halizai mbu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kijijini kwenu kifaranga kimoja cha perege ni shilingi ngapi? Vifaranga 200 je?
2. Je, lipo bwawa lililoachwa kijijini kwenu? Nani anaweza kulifufua au kulifukia?
3. Nyumbani kwako, nani ataamua samaki wangapi wauzwe na wangapi waliwe?