Binamu Asiyependwa na Mtu

Ndugu msomaji, yamkini katika ukoo wako yumo mtu wa namna hii. Hajapata kuamka alfajiri kuwahi basi, viganja vyake ni laini kama vya mtoto mchanga, na hata hivyo kila bahati nasibu ikichezeshwa yeye ndiye ashindaye. Akija kukutembelea haji kukujulia hali. Huja kukuonyesha saa mpya aliyoiokota njiani. Humwombei mabaya, la hasha, lakini akijikwaa kizingitini wakati wa kutoka, moyo wako haulii.

Katika ulimwengu wa hadithi za katuni mtu huyo ana jina lake: Gladstone Gander. Ni bata bukini dume, mtanashati, mwenye nywele za mawimbi na tai ya kipepeo, binamu yake yule bata maarufu Donald Duck. Wasomaji wa vijitabu vya katuni wa Marekani na Ulaya wamekuwa wakimchukia tangu mwaka 1948. Wanamchukia, na bado wanamsoma. Hilo si jambo dogo, na ndilo linalotufanya leo tumpe nafasi katika ukurasa huu wa familia.

Mhusika wa riwaya ana baba mmoja. Mwandishi akifa, mhusika hubaki kama alivyoachwa. Mhusika wa katuni hana bahati hiyo. Yeye ni mali ya kampuni, na kampuni humkabidhi kwa mwandishi huyu leo na kwa mwingine kesho, ng'ambo hii ya bahari na ng'ambo ile. Kila mmoja hurithi sura ileile, lakini si lazima arithi roho ileile. Mhusika anayependwa hana taabu, kwani kila mwandishi humlinda. Lakini huyu asiyependwa afanywe nini? Apigwe? Ahurumiwe? Au aelezwe mpaka tumwelewe?

Kabla ya kuendelea hapana budi tuupange ukoo wenyewe, maana Waingereza na Wamarekani hutumia neno moja kwa ndugu wa baba na wa mama, na hivyo wasomaji wao wengi hawajui nani ni nani. Kiswahili kinatusaidia. Yule tajiri bahili, Scrooge McDuck, ni kaka yake mama yake Donald. Kwa hiyo ni mjomba hasa, si baba mdogo. Wale watoto watatu, Huey, Dewey na Louie, ni wana wa dada yake Donald. Kwa hiyo ni wapwa. Naye mama yake Gladstone ni dada wa baba yake Donald. Basi Gladstone na Donald ni mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba, mabinamu kamili, watu ambao kwetu wanaruhusiwa kutaniana mpaka jirani akadhani wanagombana. Ila utani wa hawa wawili uliingia sumu tangu siku ya kwanza.

Aliyemzaa Gladstone ni Carl Barks, mtu wa jimbo la Oregon, aliyezaliwa mwaka 1901 na kufariki mwaka 2000 akiwa na umri wa miaka 99. Kumwelewa bata huyu bila kumjua Bwana Barks ni kazi bure. Aliacha shule angali kijana mdogo. Alifanya kazi za shamba, alikata magogo, alitengeneza mabehewa ya reli, alifanya kazi katika kiwanda cha kupiga chapa. Masikio yake yalikuwa mazito. Mwaka 1935 aliajiriwa katika studio ya Walt Disney kwa dola 20 kwa wiki, akaondoka mwaka 1942, akajaribu kufuga kuku, na huku akiandika na kuchora hadithi za Donald kwa malipo ya kila ukurasa. Hakupata fungu lolote katika faida ya vijitabu vile vilivyouzwa kwa mamilioni, wala jina lake halikuandikwa humo. Jalada lilitaja jina moja tu, la Walt Disney. Wasomaji walioona kwamba baadhi ya hadithi zilikuwa bora kuliko nyingine walimwita tu "yule mchoraji mzuri wa bata", mpaka miaka ya 1960 jina lake lilipoanza kujulikana.

Mtu kama huyo, aliyejua uzito wa shoka na wa siku ya mshahara, ndiye aliyemchora bata asiyefanya kazi.

Ajabu ni kwamba mwanzoni Gladstone hakuwa na bahati yoyote. Katika hadithi ya kwanza, iliyotoka Januari 1948, yeye ni mwenye majigambo tu, tena mkatili. Anafika nyumbani kwa Donald siku ya Krismasi, baridi ikiwa kali, akiwa na karatasi mkononi. Wakati wa joto Donald alikuwa amejitapa kwamba ataogelea ziwani siku ya Krismasi, na akishindwa, nyumba yake iwe ya Gladstone. Sasa mwenye karatasi amekuja kudai. Donald anashindwa na nyumba inapotea. Kinachomwokoa si ushujaa, bali ni karatasi ya pili, iliyohifadhiwa na Daisy: naye Gladstone aliwahi kujitapa kwamba anaweza kunywa galoni mbili za maji ya limau kwa saa moja, na akishindwa asiwe tena na haki juu ya nyumba hiyo. Tumbo lake likamwumbua.

Tazama vizuri. Katika hadithi hiyo mabinamu hawa ni kitu kimoja. Wote wawili wana mdomo mrefu kuliko kifua. Kama Bwana Barks angemwacha hapo, Gladstone angekuwa Donald wa pili, na pengine leo tungekuwa tumemsahau.

Mwaka 1949 mambo yaligeuka. Katika hadithi ya mashindano ya kwenda bahari ya kusini, mabinamu wanashindana kumwokoa mjomba Scrooge, nyuma ya uokoaji huo ukiwapo urithi. Donald anahangaika na mawimbi. Gladstone anakaa tu, na dunia inamletea kila kitu miguuni. Tangu hapo bahati ikawa ndiyo nafsi yake. Pochi zilizoanguka humngoja yeye. Tikiti aliyookota jalalani ndiyo yenye namba ya ushindi. Naye akaapa kwamba hatafanya kazi kamwe, kwa sababu kazi ni ya wale wasio na bahati.

Hapo ndipo chuki ilipoota mizizi. Mwongo tunaweza kumngoja aumbuke. Mwizi tunaweza kumngoja akamatwe. Lakini Gladstone haibi. Hakuna sheria aliyoivunja, wala polisi hana la kumwuliza. Kosa lake ni kwamba methali yetu ya mchumia juani haimhusu: yeye hula kivulini bila kulionja jua. Msomaji mwenye kadi ya zamu mfukoni akimtazama mtu huyo huona kana kwamba anaambiwa kuwa jasho lake la miaka 20 lilikuwa upuuzi.

Mwandishi mvivu angeishia hapo, na waandishi wengi waliofuata, kwa maoni yangu, waliishia hapo hapo. Walimfanya Gladstone kuwa fimbo ya kumchapia Donald: Donald ajitahidi, Gladstone apite, Gladstone achukue, mwisho. Hadithi za namna hiyo zipo tele, na ukisoma moja umezisoma zote.

Bwana Barks alitafuta zaidi. Mwezi Mei 1952 alitoa hadithi ambayo, kwangu mimi, ndiyo bora kuliko zote zinazomhusu bata huyu. (Katika hadithi hiyo hiyo ndimo alimoingia kwa mara ya kwanza fundi mvumbuzi Gyro Gearloose, ambaye baadaye akawa kipenzi cha watoto.) Gladstone ana kasha la chuma, na ndani yake mna siri anayoificha kwa hofu kubwa. Jamaa zake wanashikwa na shauku. Ni kitu gani hicho ambacho mwenye bahati yote ya dunia anaogopa kionekane? Hatimaye siri inafichuka: ni sarafu ya senti kumi. Siku moja, katika saa ya udhaifu, Gladstone alifanya kazi, akalipwa senti kumi, na tangu siku ile aibu haijamtoka.

Ndugu msomaji, tafakari senti kumi hizo. Mjomba Scrooge naye anayo sarafu ya kwanza aliyoipata kwa jasho lake utotoni, na huienzi kuliko ghala lake zima la fedha. Sarafu mbili za thamani sawa katika ukoo mmoja; moja ni fahari ya mwenyewe, nyingine ni fedheha yake. Hakuna hotuba katika hadithi ile, wala hapana mzee anayekuja kuwaelimisha wapwa. Lakini ghafla Gladstone si fimbo tena. Ni mtu anayelala na wasiwasi. Kwa nini hakuitumia sarafu hiyo, au kuitupa mtoni? Bwana Barks hatuambii, na amefanya vyema.

Mwaka mmoja baadaye, 1953, alimpima tena. Mjomba Scrooge, akitafuta mrithi, anapanga Donald, Gladstone na wapwa wapate kila mmoja dola elfu moja. Donald anazifanya malipo ya kwanza ya gari na kubaki na deni. Wapwa wanamkopesha mtu mwenye shida. Gladstone anazificha ndani ya mti na kwenda zake, maana ana haja gani nazo? Urithi unakwenda kwa wapwa. Wazazi wenye watoto wanaoanza kushika fedha wangefanya vizuri kuisoma hadithi hiyo pamoja nao.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1950 Bwana Barks alijichorea mti wa ukoo wa bata kwa matumizi yake mwenyewe. Humo aliandika kwamba wazazi wa Gladstone walikufa kwa kula kupita kiasi katika karamu ya bure, na mtoto akalelewa na Matilda, dada yake Scrooge. Ni mzaha mkali: mtoto huyo alizaliwa na watu waliouawa na vya bure. Baadaye mwenyewe aliupunguza ukali huo.

Aliyekuja kuupanga ukoo upya ni Don Rosa, Mmarekani wa Kentucky, aliyeanza kuandika hadithi za bata mwaka 1987. Katika mti wake wa mwaka 1993 Gladstone ana wazazi wake wa kawaida, na hana undugu wa damu na Scrooge. Mwaka 1998, bata huyo alipotimiza miaka 50 tangu kuchorwa, Bwana Rosa alieleza bahati yenyewe imetoka wapi: ni alama ya ndege wa heri, ya aina inayochorwa kwenye mabanda ya mashamba na watu wa Pennsylvania wenye asili ya Kijerumani, na bahati hiyo ilipitia kwa mama. Lakini alimwongezea pia jeraha. Kuna siku moja katika mwaka ambapo bahati humwacha kabisa, nayo ni siku yake ya kuzaliwa. Siku ambayo watu wengine huandaliwa keki, yeye hujificha. Hapa mwandishi hampigi mhusika wake wala hamtetei. Anamfungulia dirisha tu, tumwone akiwa peke yake.

Waitalia walishika njia nyingine. Kwao anaitwa Gastone. Mwaka 1969 Elisa Penna, Guido Martina na mchoraji Giovan Battista Carpi walitunga hadithi ambamo Gastone anashinda jumba katika mashindano, lakini barua ya ushindi inapelekwa kwa Donald kimakosa. Donald ananyamaza na kulichukua jumba. Humo anakuta kumbukumbu za mwizi mstaarabu wa zamani, naye anavaa barakoa usiku kulipiza kisasi kwa mjomba na kwa binamu. Hiyo si hadithi ya kumfunza mtoto uaminifu! Lakini Waitalia waliuliza swali ambalo Bwana Barks hakuliuliza: chuki kwa mwenye bahati humfanya nini yule anayechukia?

Hata wafasiri wametia mkono. Waholanzi walimwita Guus Geluk na Wafaransa Gontran Bonheur, majina ambayo tayari yanatangaza heri. Nchini Denmark ni Fætter Højben, "fætter" maana yake binamu, na jina hilo limetoka vitabuni likawa neno la mitaani kwa mtu yeyote aliyependelewa na bahati.

Mwaka 2017 alirudi katika filamu za televisheni za DuckTales. Humo tunamkuta katika hoteli ya kamari, akiishi kama sultani. Kumbe ni mfungwa: zimwi linalokula bahati limemshika, naye amewaita jamaa zake ili ajikomboe kwa hasara yao. Wazo ni zuri, ingawa zimwi linachukua nafasi kubwa mno. Lililonigusa ni dogo zaidi. Louie, yule mpwa anayependa raha bila taabu, anamwona Gladstone na kudhani amepata kiigizo cha maisha yake. Anamfuata nyuma kama kivuli. Halafu polepole anagundua kwamba mtu huyo hamwoni, kwa kuwa hajapata kumhitaji mtu yeyote. Louie anarudi nyumbani na Donald, mjomba wake asiye na bahati.