Pasteli juu ya mbao laini: rangi ishike, vumbi isituue

Bandugu bachimbaji na jamaa zenu, pasteli ni unga wa rangi uliokandamizwa na gundi kidogo sana, ni ndugu ya chaki. Juu ya triplex laini haishiki: unachora, inaanguka. Kwa hiyo bachoraji ba leo banapatia mbao meno. Banaikwangua na papie ya emeri, banapakala rangi nyeupe ya maji yenye unga wa jiwe, banaacha ikauke. Hapo pasteli inashika, tabaka juu ya tabaka. Vipande vya triplex vinabakia kwa mafundi mbao ba Mudaka. Batoto betu bajaribu.

Ufundi hauna woga. Kule Elisabethville, Lubumbashi ya leo, Pierre Romain-Desfossés alifungua ateliye mwaka 1946, na Bela akapaka rangi kwa vidole, bila brashi.

Lakini sisi benye kutoka mu shimo tunajua vumbi. Ile ya jiwe inaharibu mapafu, na bluu ingine iko na kobalti, madini ya Kolwezi. Basi musipulize. Mugonge mbao inje, mufunike pua, mupanguze meza na kitambaa ya maji. Maski tunaidai mu mugodi. Tusiisahau ku nyumba.