Karatasi Sandukuni, Picha Kwenye Simu

Mvua ya Aprili na Mei 2024 ilipofurika Mathare na Mai Mahiu, watu walipoteza jamaa, nyumba na mifugo. Maji yalipokauka ikaonekana hasara nyingine: vitambulisho na vyeti vilikuwa vimekwenda na maji. Waliochomewa nyumba baada ya uchaguzi wa 2007 wanaijua shida hiyo.

Ndugu wasomaji, mnatuuliza: tuendelee kuweka karatasi, ama tupige picha tuweke kwa simu? Fanyeni yote mawili, lakini kila moja lina kazi yake.

Karatasi ndiyo mali. Ukitaka mkopo, benki haitakubali picha ya hati ya shamba. Na hati ikipotea, sheria ya usajili wa ardhi ya 2012 inakutaka uandike kiapo, tangazo litoke katika Gazeti la Serikali, kisha siku 60 ziishe kabla ya msajili kukupa nyingine. Kwa mjane ambaye shemeji zake wanalimezea mate shamba, siku 60 ni nyingi mno.

Basi tuanze nyumbani. Chini ya godoro si mahali pa kuweka hati, wala nyuma ya kalenda. Mchwa hupanda kutoka sakafuni, kwa hiyo sanduku la bati likae juu ya mawe, mbali kidogo na ukuta. Funga karatasi ndani ya nailoni zikiwa kavu kabisa, la sivyo zitaota ukungu humo humo. Zikilowa, usizibandue kwa nguvu wala kuzianika juani. Zitandaze kivulini zikauke polepole. Tena usizipeleke kupigwa laminesheni. Wengi hudhani wanazitunza, kumbe plastiki ile ikishashika haitoki, na afisa hawezi kugonga muhuri juu yake. Risiti za mashine, zile nyororo, hufutika zenyewe. Zitoe fotokopi mapema.

Picha nayo kazi yake ni kuokoa namba. Ukienda ofisini useme tu, "Nilikuwa na cheti," utaulizwa namba yake. Piga picha mchana, pande zote mbili, namba na muhuri visomeke. Lakini isibaki kwa simu peke yake, maana simu huibwa. Jitumie kwa barua-pepe. Fleshi usiiamini sana, huharibika bila kuaga. Ukienda saiba, funga barua-pepe yako kabla ya kuinuka, umwambie kijana afute nakala, na umwone akifuta! Mwenye picha ya kitambulisho chako anaweza kujaribu kukopa kwa jina lako. Kwa sababu hiyo hiyo, kikundi cha WhatsApp cha jumuiya si kabati la vyeti.

Cheti cha ubatizo kisikusumbue sana. Jina lako liko katika daftari la parokia ulikobatizwa, na utaandikiwa kingine. Kumbuka tu parokia na mwaka.

Halafu kuna akina baba wanaoficha ufunguo hata kwa mke. Tulihudhuria matanga ambapo wana walivunja kufuli ya sanduku la marehemu, na hati ya shamba haikuwamo. Miezi mingi baadaye ilipatikana kwa rafiki aliyewekewa zamani. Wakati huo kesi ya mpaka ilikuwa imeshaanza.